Mpini Mfupi

Fundi jirani akichonga mti mbichi, harufu yake hunirudisha Makuyuni, siku ya kulima shamba la kijiji cha ujamaa. Kila mtu alipimiwa ngwe yake. Msimamizi alipofika kwangu akautazama mguu wangu uliopooza, akaniruka.

"Huyu akae kivulini. Chakula tutampa tu."

Mama aliyenilea, maana hakunizaa, akatupa jembe chini. "Nani kakuomba chakula? Mpimie mwanangu ngwe yake!"

Watu wakacheka. Baba alichomoa jembe lake kwenye mpini, akakata mti, akachonga mpini mwingine, mfupi kama mkono wangu.

"Lima umekaa," akaniambia. Yeye akang'oa majani kwa mikono.

Nililima nikijiburuta kwa makalio, viganja vikichubuka. Mama alimaliza ngwe yake, akaja kusimama mwisho wa yangu. Kila aliyetaka kunisaidia alimfukuza. Nilimfikia jua likiwa utosini.

Jembe lile ninalo mpaka leo. Wewe unayetaka kunionea huruma, kaa chini kwanza, ulime nalo.