Tyubu Ndogo ya Nyeupe

Nusu ya mji ule iliandikwa na Baba Pacha. Kuanzia kinyozi hadi duka la dawa, kuanzia lango la shule hadi mlango wa choo cha stendi, kila herufi iliyosimama wima ilitoka mkononi mwake, tena mkono wa kushoto. Miaka ishirini na sita juu ya ngazi, na hakuna aliyewahi kumwita msanii hata kwa kuteleza ulimi. Walimwita fundi, basi.

Sasa mkewe, Mama Pacha, mshonaji ambaye rangi alizozijua maishani ni za nyuzi, akajiandikisha darasa la kuchora kwa rangi za mafuta, kila Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa maktaba. Siku ya kwanza walitumia penseli tu. Akarudi na picha ya birika, na pembeni mwalimu ameandika, "Una jicho la msanii." Akaibandika ukutani juu ya cherehani. Baba Pacha akaikodolea macho, kisha akasema mwandiko wa mwalimu umelala.

Tusimpambe. Ulikuwa wivu, na ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Chai haikupita vizuri wiki nzima.

Siku ya Alhamisi mkewe akamwonyesha orodha ya vifaa.

"Baba Pacha, mimi nitajuaje mambo haya? Mjuzi wa rangi humu ndani ni wewe. Twende ukanichagulie."

Maneno hayo yalimpoza kidogo. Akavaa shati lililopigwa pasi, akatangulia mbele.

Dukani, mama muuzaji akawatazama wote wawili akauliza, "Mchoraji ni nani?"

Baba Pacha akafungua mdomo.

"Ni mimi," mkewe akasema.

Akaufunga. Hata hivyo kazi aliianza kwa haki. Brashi alizijaribu moja moja kwenye kiganja, akazikataa zilizokuwa zikimwaga manyoya. Fremu alizigonga kwa kidole mpaka akapata ambayo kitambaa chake kilivutwa sawasawa. Alichagua chupa ya mafuta ya kitani ya kulainishia rangi, akachagua nyekundu, njano na buluu. Ikabaki nyeupe. Orodha haikutaja ukubwa, na mama muuzaji akaweka mezani tyubu mbili, kubwa na ndogo.

Hapo ndipo penye kazi ya mtu. Kila kibao alichowahi kuandika kilianza kwa kupakwa nyeupe mara mbili, na alijua rangi hiyo inavyoliwa. Inaingia katika kila mchanganyiko, na inakwisha ya kwanza. Alijua hivyo kuliko alivyojua tarehe ya harusi yake. Akaichukua ndogo.

"Wengi huchukua kubwa," mama muuzaji akasema.

"Huyu ni mwanafunzi. Itamtosha."

Mkewe akaitikia kwa kichwa, akaitia tyubu mkobani kwa uangalifu, kama anayebeba yai.

Jumamosi Baba Pacha alikuwa juu ya ngazi mbele ya duka la mikate, lakini akili yake ilikuwa maktabani. Alimwona mkewe akiiminya tyubu, akiikunja, akiikanyaga kwa kisigino. Alimwona mwalimu akitikisa kichwa. Raha iliyompata ilimwaibisha, ila hakuifukuza. Aliandika "mikate" akaruka herufi moja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea, ikabidi afute neno zima.

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe anashona. Picha ya birika haikuwepo tena ukutani. Fremu ilikuwa imegeuziwa ukuta.

"Mbona fremu umeigeuza?"

"Haikuisha. Nyeupe iliniishia katikati." Hakuinua macho. "Mwalimu akauliza nani alinishauri ninunue ndogo. Nikamwambia aliyenichagulia ni mume wangu, rangi ni maisha yake, hawezi kukosea. Ni mimi ninayemwaga mali hovyo. Sirudi tena, Baba Pacha. Mikono yangu ni ya nyuzi."

Baba Pacha akaigeuza fremu. Palikuwa na ngazi, na juu yake mtu aliyegeuza mgongo, bega moja limeshuka, brashi katika mkono wa kushoto. Mbele yake kibao kikubwa, nusu kimepakwa nyeupe, nusu kitambaa kitupu. Akatafuta kasoro. Akaitafuta kwa bidii, maana wivu ulikuwa bado haujatoka. Ngazi ilikuwa imepinda kidogo. Lakini lile bega lilikuwa lake, linalomuuma kila jioni, na hakuwahi kumwambia mtu.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba itaisha. Nilijua pale pale dukani. Nilikuonea wivu."

Mama Pacha akatoa mguu kwenye cherehani. Akamtazama kama anavyotazama nguo iliyoletwa kurekebishwa, akipima kama itafaa. Kisha akafungua droo, akaitoa picha ya birika, akaibandika tena mahali pake.

"Jumatatu nakwenda dukani," akasema.

"Nitakusindikiza. Kuna nyeupe nzuri zaidi, inaitwa..."

"Hapana," akasema, akirudisha mguu kwenye cherehani. "Nitachagua mwenyewe."