Sahani ya Bi Jirani na Kitaliano Changu

Hoteli ya pale Wambaa ilitaka mhudumu wa mezani anayesema Kitaliano. Nikikosa kazi ile, safari ya Unguja kwa shangazi ilikuwa imeshapangwa, na mama angebaki nyumbani peke yake. Basi nikawa nasoma kwenye simu kutwa, na mambo yalikuwa mazuri mpaka nilipokutana na *glielo*. Hiyo ilinitoa jasho. Nilijua *gli* ni yeye na *lo* ni hicho kitu, lakini kila nikitunga sentensi mtu namtaja, kitu nakisahau. Msinicheke. Kwetu mtu akisema "mpelekee" kashamaliza, kinachopelekwa si kimo mkononi mwako?

Alasiri moja mama akanipa sahani ya mkate wa kumimina, kaifunika kwa kawa. "Mpelekee Bi jirani."

Njiani nikaitazama ile sahani, moyo ukaruka. Kumbe Mtaliano hataki kuiacha nyuma! Mtu na kitu anavifunga pamoja, mtu akitangulia: *glielo porto*, nampelekea huo mkate. Nilifurahi mno, nikawa naisema kwa sauti mpaka mlangoni kwa Bi jirani.

"Mwana wee, una nini leo?" akaniuliza. Akanirudishia sahani na maembe ndani, maana sahani ya mtu hairudi tupu.

Siku ya majaribio, bibi wa Kitaliano anayesimamia hoteli aliniwekea sahani ya mkate mbele yangu, akauliza kwa lugha yake nani atampelekea mpishi.

"*Glielo porto io*," nikasema, na miguu ishaanza kwenda.

Mpishi akautoa mkate, akanipa sahani. Nikaona haya kuirudisha hivi hivi. Nikamwomba ndizi, nikaziweka, nikarudi nazo. Yule bibi akashangaa. Kitaliano kikaniishia palepale, nikamweleza kwa Kiswahili kwamba kwetu sahani hairudi tupu. Akacheka sana, akamenya ndizi moja, akaniambia nianze Jumatatu.

Nilikwenda nyumbani karibu mbio. Mama alinisikiliza, akaingia jikoni. Jumatatu asubuhi akanikabidhi sahani iliyofunikwa kawa.

"Mpelekee huyo bibi yako."

"*Glielo porto*, mama."

"Sijui unasema nini," akasema, anapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Ila sahani yangu irudi jioni, na wewe uwe umeishika."