Nilivyompata Mwenye Wimbo Sanya Juu

Kilichonitoa nyumbani Rau, mjini Moshi, Alhamisi ile ni neno moja nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe kwenye fomu: hajulikani.

Mimi ni fundi wa kushona, na jioni naongoza kikundi cha wanawake kumi na mmoja wa mtaani kwetu tunaoimba na kuigiza. Kwa miaka miwili tulikuwa tunaomba ruzuku ndogo kutoka mfuko mmoja wa sanaa, ili tufanye siku moja ya nyimbo za kazi: wanawake wa Mabogini waimbe nyimbo za kupandikiza mpunga, wauza ndizi wa sokoni waimbe za kwao, na sisi tufungue kwa wimbo wa wabeba majani ya ng'ombe. Mara zote mbili tulikataliwa. Baada ya mara ya pili wenzangu wawili waliacha kuja mazoezini, na waliobaki walinitazama kama mtu anayewapotezea muda. Niliwaambia tujaribu mara moja tu, na tukikosa tena nitaacha uongozi.

Jumatano mchana simu ikaita nikiwa kwenye cherehani. Alikuwa mama wa ule mfuko.

"Dada Mwanaidi, andiko lenu limetufurahisha. Ila hapa kwenye mtunzi wa wimbo wa kufungulia mmeandika hajulikani. Mmemtafuta?"

Nikamwambia hapana. Ukweli ni kwamba hatukumtafuta.

"Mtafuteni," akasema. "Kama yupo, tunahitaji ridhaa yake kwa maandishi, na muhuri wa kijiji chake. Tunafunga kesho kutwa saa kumi jioni."

Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yangu, Mama Upendo, ambaye ndiye aliyetufundisha wimbo wenyewe. Aliolewa Moshi akitokea Siha. Nilimkuta ameuweka mguu wake mbovu juu ya kigoda, anachambua mchele. Nilipomuuliza wimbo ni wa nani alishangaa.

"Si wa Aikaruwa? Aliutunga tukiwa wasichana. Yupo mpaka leo, anauza maziwa. Ukishuka Sanya Juu, uliza."

"Mbona hukuniambia siku zote?"

"Hukuniuliza."

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kituoni Moshi mjini na mkoba wenye karatasi za ridhaa, kalamu mbili na khanga ya zawadi. Mlima Kilimanjaro ulikuwa umejifunika mawingu wote. Boma Ng'ombe nilibadilisha gari, na kutoka hapo barabara ikaanza kupanda kuelekea kaskazini. Njiani nilirudia kichwani maneno ya kumwambia huyo bibi. Kila nilivyoyapanga yalisikika kama ya mtu aliyekuja kuomba msamaha baada ya kushikwa.

Saa tatu na nusu nilishuka Sanya Juu. Kulikuwa na baridi kuliko nilivyovaa. Muuza viazi wa kwanza niliyemuuliza alimjua Bibi Aikaruwa, na dereva wa bodaboda alimjua zaidi, kwa sababu alikuwa mteja wake wa maziwa. Alinipeleka kwa njia ya vumbi jeusi mpaka palipoanza migomba, akanionyesha kwa kidole nyumba ya mabati yenye banda la ng'ombe pembeni.

Bibi Aikaruwa alikuwa anafagia banda. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, aliyevaa mabuti ya mpira na sweta la kanisani lenye vifungo viwili tu vilivyobaki. Kwa kumtazama nilikadiria miaka sabini na zaidi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umetokea wapi na baridi hii, mama?"

Nilimweleza. Nilipofika kwenye wimbo aliacha kufagia, akaegemea ufagio akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Hapana."

Akanieleza sababu. Miaka ya nyuma walikuja wanaume wawili na mashine ya kurekodia. Aliimba, wakamshukuru, wakaondoka. Baadaye akiwa dukani alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka redioni, inatangaza chakula cha mifugo. Jina lake halikutajwa. Mwenye duka alipomwambia kwamba anaupenda sana ule wimbo wa wazee wa zamani, alishindwa hata kusema ni wake.

"Sasa na wewe umekuja," akasema. "Haya, niimbie nisikie mnavyouimba."

Niliimba nikiwa nimesimama kwenye tope la banda. Kiitikio chake ni cha Kiswahili, na sisi tulizoea kukiimba hivi: utupe mzigo, mama, utupe. Aliinua mkono nikanyamaza.

"Nani kawaambia utupe? Mimi nilisema utue. Mtu ametoka na majani tangu bondeni, halafu ayatupe? Ng'ombe ale nini?"

Nikaona aibu. Tulikuwa tumeimba neno lile kwenye harusi na mikutano, watu wakatupigia makofi.

"Umewahi kubeba majani?" akaniuliza.

"Hapana, Bibi. Mimi ni wa mjini."

"Basi twende."

Tuliteremka bondeni kwa muda wa kama saa moja. Yeye alikata kwa mundu, mimi nikakusanya, tukafunga mizigo miwili. Wangu ulikuwa nusu ya wake. Alinisokotea ngata ya majani makavu ya mgomba, akaniwekea kichwani, akanisaidia kuinuka. Hatua hamsini za mwanzo nilijiona shujaa. Baada ya hapo shingo ilianza kuniwaka, majani yakanichoma masikioni, na kile kilima tulichoteremka tukipiga soga kikawa hakina mwisho. Mbele yangu Bibi alianza kuimba polepole. Ndipo nikaelewa kwa nini kiitikio kinakatika pale kinapokatika. Hapo ndipo mtu anavuta pumzi. Sisi mjini tulikuwa tumekirefusha ili kipendeze.

Niliitikia nikitweta. Hakugeuka, lakini alipunguza mwendo.

Tulipofika nilitua mzigo nikakaa chini hapohapo mlangoni mwa banda. Bibi Aikaruwa alinawa mikono, akaniletea maji ya moto nioge, kisha akanipikia kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. "Sijaweka nyama," akasema. "Najua ninyi nyama yenu mnachinja wenyewe." Nilimwambia asante kwa Kichagga, aika, neno pekee nililokuwa nalijua, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Mchana huo aliniambia nimsomee karatasi ya ridhaa. Nilisoma. Akavaa miwani akaisoma tena mwenyewe, mstari kwa mstari.

"Hapa pameandikwa mhusika. Andika mtunzi," akasema. "Na andika kwamba siku hiyo nitaimba mwenyewe. Nitakuja na wenzangu wanne tunaokata nao majani. Ninyi mtaitikia."

Kuanza na wimbo ule ilikuwa nafasi yetu, tumeifanyia mazoezi miezi mingi, na sasa alikuwa anaichukua. Nilifikiria jinsi wenzangu watakavyoipokea habari hiyo. Lakini nilikuwa nimeshausikia wimbo ukiimbwa na mwenyewe, na sikuwa na la kubishana.

"Tutaitikia, Bibi," nikasema.

Akaweka sahihi kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma shule ya misheni. Tatizo likabaki muhuri. Mtendaji wa kijiji alikuwa msibani, hatarudi mpaka kesho. Nililala kwa Bibi.

Ijumaa saa mbili asubuhi tulimkuta mtendaji akifungua ofisi. Alipoona jina la mtunzi alimtazama Bibi Aikaruwa, akasema, "Kumbe ni wako? Mimi nimekua nikiuimba." Akagonga muhuri mara mbili, moja kwenye karatasi yangu, moja kwenye nakala aliyoitaka Bibi abaki nayo.

Gari la kukusanya maziwa lilikuwa linateremka Boma Ng'ombe, na kwa heshima ya Bibi nikapewa kiti cha mbele. Liliposimama kila kituo cha maziwa nilitazama saa. Nilifika Moshi saa nane mchana nikakuta umeme umekatika mjini kote. Kwenye stationari niliyozoea, dada wa pale alikunja mikono tu. Nilizunguka nikiuliza mpaka nikapata duka lenye jenereta, foleni imefika nje. Niliwaeleza waliokuwa mbele yangu kilichonileta. Wakanipisha, mmoja baada ya mwingine, na mzee mmoja akasema, "Mpisheni, ana safari ya mlimani huyo." Karatasi ilitumwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Jumapili niliwaambia wenzangu kwamba hatutafungua sisi. Kisha nikawafundisha kiitikio upya, na pale pa kuvuta pumzi. Tulipokiimba mara ya tatu, wa kwanza kusema alikuwa mmoja wa wale wawili waliokuwa wameacha, ambaye siku hiyo alirudi kusikiliza tu: "Hivi ndivyo ulivyotakiwa kuwa."

Baada ya wiki tano jibu lilikuja. Tumepata. Nililisoma nikiwa nimesimama barabarani, nikalisoma tena, nikaanza kutembea haraka bila kujua ninakokwenda, mpaka nikajikuta kwa Mama Upendo.

Siku ya onyesho, uwanja wa Rau ulijaa kabla ya saa nane. Wanawake wa Mabogini walifika na matope ya mashambani miguuni, wakakataa kuyaosha. Mama Upendo tulimbeba na kiti chake mpaka mbele. Mshereheshaji alipotangaza jina la Aikaruwa, mtunzi wa wimbo, kutoka Siha, uwanja ulitulia. Bibi aliingia na wenzake wanne, kila mmoja na mzigo wa majani mabichi kichwani, mikono imeachiwa huru. Akaanza kuimba. Tulipoitikia, watu walijiunga nasi kwenye neno la tatu, na kufikia ubeti wa pili uwanja wote ulikuwa unavuta pumzi mahali pamoja. Bibi hakutabasamu. Alisimama wima chini ya ule mzigo, machozi yakimtiririka, akaimba mpaka mwisho bila sauti kutetereka. Watu walisimama kumshangilia kwa muda mrefu hivi kwamba waliofuata walilazimika kusubiri.

Nilipoanza kuomba ruzuku nilidhani kazi ni kujua kujaza fomu. Nilitafuta maneno makubwa, nikayaandika, nikakataliwa. Safari ile imenifundisha kwamba swali nililoliona kikwazo ndilo lililokuwa swali la maana kuliko yote, na kwamba jibu lake lilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka mlangoni kwangu. Tangu hapo, kila ninapoketi kuandika andiko, nauliza kwanza ni nani tunayemwimbia na ni nani aliyetuimbia.

Mwaka uliofuata nilipanda tena Sanya Juu, safari hii kwa mwaliko. Bibi Aikaruwa na wenzake walikuwa wameandika andiko lao wenyewe, wakapata ruzuku, na onyesho lilikuwa sokoni. Nililipia chai yangu, nikatafuta pa kukaa kati ya wauza viazi, nikawa mtazamaji.