Majina ya Ufuko Wetu

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, tulijua majina kabla ya kujua kusoma. Kila jiwe na kila kipande cha mchanga kilikuwa na jina, na mtoto asiyeyajua akitumwa alirudi mikono mitupu, akachekwa. Palikuwa na Sabuni, penye mawe laini, ambako mama zetu walifulia huku wakipiga soga. Palikuwa na Kwa Wakwe, waliposhukia wageni wa harusi. Na Mdomo wa Fisi, mawe meusi yaliyochongoka, maji yakivuta. "Chezeni kote, lakini kule mkusikie tu," mama alituonya, mikono ikinuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, alizokuwa akianika.

Alasiri moja dada yangu Feza alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi uliofungwa, anakula muhogo wa kuchoma, kamba ikakatika. Upepo ukamchukua. Nilikimbia ufukweni nikipiga kelele, "Feza anaenda Mdomo wa Fisi!" Wanawake wa Sabuni wakalidaka jina, wakawapazia sauti waliokuwa mbele, likafika kabla ya miguu yangu. Nilipotokea, baba mdogo alikuwa ndani ya maji, ameushika mtumbwi karibu kabisa na mawe. Feza analia, muhogo bado mkononi.

Leo tunaishi Johannesburg, mimi nasuka nywele, Feza anashona. Hivi karibuni Njeri, Mkenya tunayesali naye, mwalimu wa chuo kikuu, alituomba msaada. Anachora ramani ya mwambao ule ulivyokuwa zamani. Ramani za wakoloni zimeuacha mtupu, na sasa ziwa limepanda, limemeza fukwe, watu wametawanyika.

Tulikaa kwangu, mtaa wa Observatory, kinasa sauti mezani, tukabishana kama watoto.

"Kwa Wakwe ni baada ya mto!" nikasema.

"Kabla, dada! Haki ya Mungu!"

Tukampigia mama mdogo, aliyebaki kule. "Ni kabla ya mto," akasema. "Lakini siku hizi ni maji matupu."

Kisha Feza akamgeukia Njeri. "Mdomo wa Fisi uandike kwa herufi kubwa. Niko hai kwa sababu watu walilijua jina hilo."

Ramani imekuja, tumeitundika sebuleni, na kila mgeni lazima aione kabla ya kupewa chai. Binti yangu Neema, mzaliwa wa hapa, ni mmoja wa wale wanaosikia Kiswahili wakajibu kwa Kizulu, na bila simu hafiki hata spaza, kiduka cha mtaa wa pili. Juzi alisimama mbele ya ramani.

"Eish, Mama, nani aliyapa majina haya?"

"Sisi," nikamjibu, kifua mbele. "Sisi wa pale."

Akaanza kuyasoma kwa sauti, akijikwaa, Feza akimsahihisha. Sisi tulijifunza kwa miguu mitupu, jua la ziwa likituchoma shingo. Yeye anajifunza kwa kidole, ukutani, mbali na maji asiyowahi kuyaona. Lakini majina anayatamka.