Filamu Nzito za Tambwe

Shemeji yangu Alimasi alikuja nyumbani nikiwa nimekaa eda, akachukua diski ya marehemu mume wangu, akazipunguza uzito filamu zetu zote na kufuta zile za mwanzo. Nalisema waziwazi kwa sababu mwenyewe huwaambia watu kwamba alizitunza.

Mume wangu aliitwa Tambwe. Ujana wake aliumaliza kwenye machimbo ya Lusangi akiosha mchanga wa dhahabu, na kwa alichokipata hakununua pikipiki kama wenzake, alinunua kamera. Walimcheka. Baadaye ikawa hakuna harusi mtaani kwetu, hapa Kasongo, bila yeye. Alikuwa akitembea kinyumenyume mbele ya bibi harusi, nami nyuma yake nikiwa nimeshika shati lake, asije akaanguka mtaroni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na sikupata kupenda nyingine kama hiyo.

Mimi sikusoma. Majina ya filamu siyajui, lakini Tambwe alinifundisha kuzijua kwa uzito. Filamu za Kihindi na za wapiganaji, zile ambazo kila mtu anazo, alizigeuza nyepesi, zinazofunguka hata kwenye simu ya vibonye. Zikipotea, alisema, Djamali wa sokoni atatupa nyingine. Lakini mama yake akitwanga sombe, majani ya muhogo, au siku tuliyompa binti yetu Safia jina, hizo aliziacha nzito vilevile zilivyotoka kwenye kamera, ingawa moja ilikula nafasi ya nyepesi kumi. Nilimgombeza kwamba anajaza diski kwa ajili ya sombe. Akanijibu taratibu.

“Nyepesi inazaliwa na nzito, mama. Nzito haizaliwi na nyepesi.”

Homa ilimchukua Tambwe, Safia akiwa bado anatambaa. Nikakaa eda. Alimasi, mdogo wake Tambwe, akakohoa mlangoni, akasema anabeba diski isije ikaliwa na unyevu. Mjane wa eda hamfuati mtu barabarani. Alikwenda nayo Lusangi, kwa sababu wachimbaji kule hupenda kujaziwa filamu kwenye simu zao. Ili zienee nyingi, alizipitisha zote kwenye wepesi, za wageni na za kwetu, kisha akafuta nzito. Nilipotoka eda akanirudishia diski kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta zawadi.

Miaka miwili baadaye, nilipopata moyo wa kuitazama, niliipeleka kwa Djamali, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu na kujaza nyimbo na filamu. Mpiga filamu haonekani kwenye filamu yake. Siku ya jina la Safia tu ndipo Tambwe aliponipa mimi kamera. Djamali akaifungua hiyo. Pale palipokuwa na uso wa mume wangu palikuwa na vipande vinne vitano vya rangi ya matope, vinatikisika. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya kopo. Safia alikuwa amekwisha kujua kusema. Akauliza baba iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama kidogo, halafu akageuka kuangalia kuku wa jirani.

Nilimwita Alimasi. Alikuja, akakaa, akanywa chai yangu.

“Shemeji, filamu ziko zote,” akasema. “Hakuna hata moja ilipotea. Sasa unalia nini?”

“Mwonyeshe huyu mutoto jicho la baba yake.”

Akakumbuka kwamba ana safari.

Djamali ndiye aliyeniuliza ni nani aliyepewa sahani. Kwetu harusi haijaisha mpaka upande wa bibi harusi upewe sahani zao za DVD, na harusi ya mwisho aliyoipiga Tambwe ilikuwa ya Aïcha, binti wa mjomba wake, kule Kabambare. Nikapanda pikipiki na Safia mbele yangu, tukashuka na kusukuma kila penye tope.

Aïcha alitupokea kwa ugali na samaki. Nilipomweleza kilichonileta, akaziba mdomo kwa mkono. Mashine yao ya DVD ilikufa zamani, na sahani zisizo na mashine hutundikwa shambani zifukuze ndege. Akanipeleka kwenye mpunga wake. Ilikuwa pale kwenye kamba, inazunguka, inameta, jua limekwisha kuinywa hata imekuwa nyeupe. Nikakaa chini palepale kwenye majani.

“Yaya, dada yangu, usilie,” akasema. “Harusi yangu ilikuwa ndefu, ilijaza mbili. Ile ingine iko mu sanduku, inangoja mupunga wa mwaka kesho.”

Tuliporudi Kasongo, Djamali aliipangusa kwa kitambaa laini, akaiingiza kwenye mashine. Uso nilijua hautakuwamo. Wanawake walicheza, vumbi likapanda, Aïcha akainamisha kichwa. Kisha sauti ikatoka nyuma ya picha, karibu kabisa, si ya ndani ya kopo:

“Mama Safia, achilia shati, niko salama. Muinue mutoto, aone.”

Safia alikuwa mapajani mwangu. Akainua kichwa, akanitazama.

“Baba alikuwa ananijua?”

Nikamwambia alikuwa anamjua.

Djamali alieleza kwamba simu yangu haitaifungua ikiwa nzito, akauliza kama aipunguze. Nikamwambia kwanza aitolee nakala jinsi ilivyo, mara mbili, moja ibaki kwake na nyingine irudi Kabambare kwa Aïcha. Baada ya hapo azalishe nyepesi kwa ajili ya simu yangu, na ile nzito, mama yake, asimguse. Akacheka, akasema leo Tambwe amekuja kazini.

Sahani yenyewe nayo ilirudi sandukuni kwa Aïcha. Ndege na wale mpunga.

Sauti basi tunayo. Uso, bado tunamdai Alimasi. Hunisalimia vizuri njiani, na najua hawezi kuirudisha filamu aliyoifuta. Sitaki diski nyingine wala mbuzi wa kupatana. Lakini yeye na Tambwe walizaliwa tumbo moja, macho yao ni yaleyale. Anadaiwa kuja kukaa mbele ya Safia, kufungua ile filamu ya matope, kumwambia kwa kinywa chake ni nani aliyeifanya hivyo, kisha anyamaze, aache mtoto amtazame mpaka atosheke. Hajaja.