Mama wa Mkurugenzi Alipopanda Ndege

Ndege ile ilipoteleza kwenye uwanja wa Goma na kuingia katika mawe meusi ya volkano, hakuna aliyekufa. Kampuni ililitaja jambo hilo kila mahali, kana kwamba ni sifa ya ndege. Kisha ndege ikakaa miezi chini ya turubai. Sisi wa Gisenyi, tuliovuka mpaka kila asubuhi kuuza maharage, tuliizoea kama nyumba ya jirani isiyokwisha kujengwa. Siku moja turubai likatoka. Ndege ilikuwa ya buluu na ilikuwa na jina jipya.

"Ile ingine ilikuwa nyeupe," alisema mwenzangu wa sokoni. "Hii ni ingine."

"Ni ileile, wameipaka rangi."

"Yewe! Basi wameitengeneza."

Wakati huo dada yangu mkubwa, aliyenilea, alikuwa amefariki Kisangani. Habari ilinifikia kwa foni, ile redio ya kupeleka ujumbe mbali, na wakati huo walikuwa wamekwisha kumzika. Jumamosi wangetoa kilio, yaani kumaliza matanga, na siku ya kutoa kilio ndipo ukoo huamua watoto wa marehemu waende kwa nani. Aliacha mmoja tu, binti mdogo. Nisingekuwepo, wangempeleka kwa watu wa baba yake, mbali ndani ya msitu, nami nisingemwona tena. Barabara ya kufika Kisangani haikupitika, na ndege nyingine zilibeba mizigo ya wakubwa.

Kampuni ilifanya sherehe ya kuirudisha ndege kazini. Padri aliibariki, mchungaji akaibariki, imamu naye akaiombea. Baraka zikawa tatu; mimi ningeridhika na moja na mafundi wawili. Ofisa mmoja alitangaza kwamba ana imani kamili na ndege hiyo, akanywa Fanta, akapanda gari lake. Tiketi hazikununuliwa.

Hapo mkurugenzi wa kampuni akapata akili. Ijumaa alimleta mama yake mzazi, amevaa kitenge cha kanisani, akampandisha kwanza mbele ya macho yetu. Kwetu mtu anaweza kukudanganya huku ameshika Biblia, lakini hawezi kumweka mama yake mahali pabaya hadharani. Tiketi zikaisha asubuhi hiyohiyo.

Nilipopanda na kichwa changu kilichonyolewa, mwanamume mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika: "Huyo musimuhesabie. Ana kilio, ataogopa nini?"

Niliogopa sana.

Mkurugenzi alikuwa anashuka baada ya kutusalimia wote kwa mkono, mama yake akamwita.

"We hupandi?"

"Mama, mi niko na kazi mingi ku biro."

"Kazi gani, na siku zote unalala pale?"

Kisha yule mnong'onaji akasimama, akachukua begi lake. Wengine wakafuata, wakisukumana, na kila mmoja akisema kwamba haogopi, amesahau tu kitu nyumbani. Rubani akatoa kichwa: "Bon, kama munashuka wote, siruki."

Nilibaki nimekaa, machozi yakinitoka. Yule mama akanigeukia.

"Na we, binti yangu, unaenda kufanya nini?"

Nikamwambia kuhusu kilio na kuhusu mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika mwanawe mkono wa shati.

"Ikala hapa! Huyu anafuata mutoto. Mi niko hapa juu yako tu, sijue hata mutu mumoja kule Kisangani!"

Mkurugenzi akakaa, katikati yetu wawili. Watu waliokwisha kufika kwenye ngazi wakamwona anafunga mkanda, wakarudi. Njia nzima alinibana mkono, akasali sala za padri, za mchungaji, na nyingine nisizozijua.

Tulifika. Kwenye kilio, shemeji mkubwa wa dada yangu hakupinga nimchukue mtoto, ila aliuliza nitarudi naye vipi.

"Na ndege ileile," nikasema.

"Iko muzuri?"

Wote walinitazama. Ningesema ndiyo, jambo lingekwisha hapo.

"Sijui," nilisema. "Ilifika. Niliogopa tangu kuruka mpaka kutua."

Akakuna kidevu. "Rafiki zangu wote wananiambia iko muzuri sana, na hakuna hata mumoja aliyeipanda." Akawageukia wenzake, wakazungumza kwa sauti ya chini muda mrefu, mimi nikitazama miguu yangu. Mwishowe mama yao mzee aliinuka, akaingia ndani, akarudi na nguo za mtoto zimefungwa katika kitambaa.

Jumatatu ndege iliondoka ikiwa imejaa. Mtoto alitaka kukaa dirishani. Nikampisha, nikamfunga mkanda, kisha nikauvuta tena kuona kama umeshika.