Picha ya Nduma za Mwisho

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, studio yangu ya picha pale Kawangware ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na sikumwonea haya mpiga picha yeyote wa mjini. Wapangaji waliotoka Magharibi mwa nchi walikuja kwangu kupigwa picha za kutuma nyumbani. Zile zilizonipendeza mimi nilizining'iniza dirishani.

Mwenye chumba alikuwa na shamba nyuma ya ploti zake za kupangisha. Siku moja aliniita nikampige picha humo. Nilipofika nilidhani nimepotea. Migomba ilikuwa imeng'olewa, pamepandwa nyasi za kukatwa, na ua wa miti ya kayaba umenyolewa ukanyooka kama rula. Hata kuku walikuwa wamefungiwa. Palipendeza, sikatai, lakini sikujua niweke wapi miguu, na roho yangu haikutulia. Ilibaki kona moja tu ya nduma, kando ya maji. Akaniambia hicho kichaka kisionekane.

Humo kichakani alikuwamo mama yake mzazi, ameinama, tope limemfika magotini, anang'oa nduma za mwisho. Nilimpiga mwenye shamba picha zake, amevaa suti katikati ya nyasi. Kisha, kwa kichwa kigumu nilicho nacho, nikaigeuza kamera.

Wiki iliyofuata kona ile nayo ikawa nyasi. Picha ya mama nikaitundika dirishani, na watu wakawa wanasimama kuitazama. Mwenye chumba akaja amefura. Alisema nimemwaibisha, watu watadhani mama yake ni kibarua. Picha itoke, ama nitoke mimi na kamera zangu.

Niliogopa, nisidanganye, maana sikuwa na pengine pa kwenda. Lakini sikuitoa.

Kesho yake alimleta mama, ili yeye mwenyewe anikataze. Mama aliitazama kwa muda mrefu, kidole chake kikiwa juu ya kioo.

"Hapo ndio niliwalisha nyinyi wote," akamwambia mwanawe. "Kwa shamba umenitoa. Sasa unataka nitoke hata hapa?"

Mwanawe akamshika mama mkono, wakaenda. Habari ya kunihamisha hakuitaja tena.

Miaka kadhaa baadaye mama alipofariki, mwanawe alikuja mwenyewe kuniomba ile picha. Ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza, na tope lake lote.